Sifa Ambazo Saliha Hakuziandika

Hamimu hakubisha hodi. Aliingia uani kwa Saliha, kule Nyakabiga, mikono bado ina grisi ya gereji, akaweka kitabu mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani.

"Dada Saliha, we ulisema hiki kitabu ni kizuri," alisema. "Mi nimekinunua kwa ajili ya maneno yako. Nimesoma mpaka mwisho. Mafundi wote wa kwetu Buyenzi ni wezi humu, na hakuna hata mumoja mwenye jina. Mswahili huyu, Mswahili yule. Ni we umesifu hii?"

Saliha alimtazama asielewe. Alikuwa mwandishi wa riwaya, na kila wiki aliandika uhakiki wa vitabu katika gazeti moja la mjini. Riwaya hiyo ya mzee Astère aliisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi, kwa sababu aliamini huna haki ya kukisema vibaya kitabu ulichokipitia juujuu. Kisha akaandika kwamba zile sura za ziwa ni kazi ya mtu anayeijua kalamu, na kwamba kitabu kingekuwa kizuri kama mwandishi angewaona Waswahili wa mji huu kuwa ni watu.

Hamimu alitoa gazeti mfukoni. *Kitabu hiki ni kizuri. Mwandishi anaijua kalamu.* Basi. Na chini yake, jina la Saliha.

Damu ilimpanda. Alijitanda mtandio, akachukua pikipiki hadi Gihosha, ofisini kwa Candide, mhariri wake.

"Candide, nani amekata maneno yangu?"

"Ni mimi. Kaa kwanza."

"Sikai."

Candide alishusha pumzi. "Astère ndiye mkuu wa majaji wa ile tuzo ya riwaya unayoishindania. Riwaya yako iko mezani kwake. Ulitaka aifungue huku anakumbuka ulivyomchana? Franchement, kusema kweli, nimekulinda."

"Umenilinda kwa kunifanya muongo."

"Watu watasahau, Saliha. Nani anakumbuka uhakiki?"

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Hamimu alikumbuka. Mtu akikuamini kuhusu kitabu anakupa jioni zake, na Hamimu alikuwa amezitoa jioni zake, macho yamechoka na kazi, ili asome matusi juu ya watu wake. Saliha alitaka makala yake ichapishwe upya, nzima. Candide akasema nafasi hakuna. Akamsukumia kadi ya mwaliko: Jumamosi mzee angekizindua kitabu chake katika ukumbi mmoja huko Kibenga. "Nenda, umsalimie vizuri. Yatapita."

Saliha alikwenda. Ukutani, nyuma ya kiti cha Astère, zile sifa zilikuwa zimeandikwa kwa herufi kubwa, na jina lake chini. Mwenye kuongoza shughuli alipomkaribisha aseme mawili matatu, alishika kipaza sauti.

"Maneno yale pale ukutani si yangu," alisema. Kisha akayasema yale aliyoyaandika, yote, bila karatasi. Sauti ilitetemeka kwa hasira, naye hakujaribu kuituliza.

Astère alimsikiliza hadi mwisho, viganja juu ya kitabu. "Dada yangu," alisema taratibu, "unataka Waswahili niwaandike malaika?"

"Apana, mzee. Andika mwizi ukitaka. Lakini hata mwizi ana jina, mama yake alimpa. Humu ndani mbwa wa padri anaitwa Bosco, na fundi anayefia barabarani anaitwa Mswahili."

Ukumbi ulicheka. Astère hakucheka. "Ni hadithi tu," alisema.

"Kama ingekuwa hadithi tu, nisingeisoma mara mbili."

Alidhani ameshinda. Lakini shughuli ilipokwisha watu walipanga mstari kununua, kila mmoja anataka kujionea huyo mbwa. Wengine walimfuata Saliha mlangoni kumuuliza Bosco yuko ukurasa gani. Vitabu vikaisha mezani. Astère alitia sahihi akitabasamu, na Saliha akaondoka kabla hajasema neno ambalo angelijutia.

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kuiondoa riwaya yake kwenye tuzo. Karani alipomuuliza sababu, alijibu, "Mzee yule anajua kuandika. Kusoma watu ndiko asikojua." Safu yake gazetini akapewa mwingine.

Candide alimpigia simu asubuhi gazeti lilipotoka. "Huna tuzo, huna safu. Sasa umeridhika?"

"Bado," alisema Saliha, akakata.

Akarudi kwenye sura ya riwaya mpya aliyokuwa akiiandika. Sentensi zilitoka kali, nyingine zimepinda kwa hasira. Aliziacha hivyohivyo, akaendelea.