Mkwe Aliyejua Kompyuta

Wandera alikunja pua kabla hata ya kuketi. Kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza sebuleni kwa wakwe zake, Kaloleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee Joram, baba mkwe, alikitoa kitambaa kwa mikono miwili, akasimama kando kama mtu anayengoja sifa.

"Baba, hii bado mnaiweka kwa nyumba?"

"Inawaka, orwa," mzee akasema, kwa lile neno ambalo Waluo humwitia mkwe. "Inawaka, halafu inakwama kwa ile picha ya kwanza. Mama amesema ni wewe tu unaweza."

Na nani mwingine angeweza? Wandera alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya bima mjini. Aliishi Migosi, nyumba ya vigae, na tangu amwoe Sheryl alikuwa akiiangalia nyumba hii ya kaunsili jinsi mtu anavyoiangalia soksi iliyotoboka. Kila akija, kuna kitu kimeharibika: leo redio, kesho simu, sasa jisanduku hili lililogeuka rangi ya meno ya mvutaji. Hakuuliza wanalitakia nini. Alidhani anajua: mzee atacheza karata, mama atatazama mahubiri.

"Mfumo wake umekufa," akaeleza, akilitamka kila neno polepole kama anayesema na mtoto wa chekechea. "Nitaweka mwingine mwepesi. Kwanza naupanga kwa flashi, halafu tunaiwasha kompyuta kutoka kwa hiyo flashi. Umeelewa, Baba?"

"Kidogo."

"Haidhuru."

Akatia mkono mfukoni, kisha kwenye mkoba wa laptopu. Flashi yake ilikuwa imebaki ofisini. Kusema amesahau mbele ya watu hawa lilikuwa jambo asiloliweza. "Hamna flashi humu?"

"Iko ya Mama, kwa bakuli ya funguo. Lakini ngoja arudi kutoka kanisa. Yeye ndiye anajua kuna..."

"Baba, nyimbo za kwaya siku hizi ziko hadi kwa simu. Nitamtafutia zingine."

Mzee akaanza kukikunja kile kitambaa. Mtu habishani na mkwe wake sebuleni, na Wandera alilijua hilo vizuri.

Akaichomeka kwenye laptopu yake. Laptopu ikamwonya kwamba kila kilichomo kitafutwa, ikauliza kama anakubali. Alibonyeza kukubali kama anayefukuza nzi, bila hata kuchungulia kilichokuwemo.

Mara ya kwanza ilikataa. Kompyuta ya mzee ilitoa maandishi meupe kwenye weusi, ikisema haioni chochote cha kuiwasha. Wandera alikuwa ameipanga flashi kama anavyozipangia mashine mpya za ofisini, na hii kongwe haikuijua njia hiyo ya kuwaka. Akasonya. "Takataka!"

"Ni mashine imekosea au ni wewe?" akauliza Sheryl, akiweka chai mezani.

"Mashine ya zamani, akili ya zamani."

Akaifuta flashi tena. Safari hii akachagua njia ya kale ya kuwasha na mfumo mdogo unaoifaa mashine dhaifu, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuiambia ianze na flashi. Skrini ikageuka buluu, ikamkaribisha. Mzee Joram akapiga makofi. Wandera hakutabasamu. Ilikuwa kama kupigiwa makofi kwa kufunga kamba za viatu.

Ndipo mama mkwe, Mama Beldina, akaingia na Biblia kwapani. Alisalimu akiwa palepale mlangoni, kwa ule umbali wa heshima ambao mama mkwe humwekea mkwe. Halafu akauona uzi mwekundu wa flashi yake ukining'inia ubavuni mwa kompyuta.

"Hiyo si flashi yangu?"

"Ni yenyewe, Mama. Imetusaidia sana."

"Na sauti za mama yangu?"

Sheryl ndiye aliyemweleza mumewe, akiangalia sakafu. Nyanya yake Sheryl, wa kule Awasi, alipigwa na kiharusi mwaka jana, kikamnyang'anya ulimi. Kabla ya hapo Mama Beldina alikuwa akienda kwake na simu, kumrekodi habari za ukoo, za njaa, nyimbo za kupokea mapacha. Baadaye simu iliibwa. Sauti hizo zikabaki kwenye flashi hiyo tu. Kompyuta alitaka ifufuliwe ili aziweke mahali pa pili, kisha aziandike kwa ajili ya wajukuu.

"Sikuambiwa," Wandera akasema.

"Uliambiwa ungoje," akasema Mzee Joram.

Mama Beldina hakulia wala kufoka. Alimtazama Wandera juu mpaka chini, kama anavyotazama samaki aliyeshinda juani sokoni. "Sasa inawaka?"

"Inawaka, Mama."

"Asante."

Akapita jikoni, na kutoka huko akamwambia Sheryl maneno kadhaa kwa Kidholuo, lugha ambayo Wandera hakuwahi kuona haja ya kujifunza.

"Amesemaje?"

"Nikupakulie chakula," Sheryl akajibu. Maneno ya mama yalikuwa marefu kuliko hayo.

Wiki nzima Wandera alihangaika na flashi ile, akijaribu kila programu ya kufufua mafaili. Vilirudi vipande vitatu, kimoja kikikatika katikati ya wimbo. Vingine vyote vilikuwa vimezikwa chini ya mfumo aliouandika mara mbili. Jumapili akavipeleka Kaloleni kwenye flashi mpya.

Mama Beldina alivisikiliza vyote, mkono shavuni. Mahali fulani katika rekodi bibi kizee alicheka, akakohoa, akauliza jambo, na Sheryl na mzee wakacheka naye. Wandera alitazama nyuso zao, asijue kilichosemwa.

Kisha mama akavuta kiti mbele ya kompyuta, akaanza kuvihamisha mwenyewe, kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Ilichukua muda mrefu mno. Wandera akainuka, akanyoosha mkono kumwonyesha njia ya mkato.

"Kaa chini," akasema mama mkwe, bila kugeuka.

Akakaa.