Upepo wa Mzee Dionis

Jeska aliiamini programu yake kama Injili. Ilipokokotoa kwamba moshi wa tumbaku utaelekea porini, mashariki, wakulima wa kijiji kimoja cha Urambo walibomoa mabani yao ya kukaushia tumbaku kwa moto wakayajenga upya upande huo. Sasa kijiji kizima kinakohoa.

Alimfuata Mzee Dionis, aliyemwandikia mwelekeo wa upepo mwaka mzima kwa kutazama utepe uliofungwa mtini.

“Shikamoo babu. Ulipoandika magharibi, upepo ulikuwa unatoka huko?”

“Marahaba. Ulikuwa unakwenda huko. Unakotoka kunamsaidia nani?”

Programu ya Jeska ilihesabu kwamba huko ndiko unakotoka! Shetani gani alimzuia kuuliza mapema?

Ndani, mke wa mzee alikohoa mpaka akakosa pumzi.

“Mjukuu wangu,” mzee alisema, “hiyo mashine inajua kuurudisha moshi?”