Mistari Kumi na Sita ya Mzee Pyo

Pyo Gil-sang hakuwa na nywele za rangi ya waridi kama waimbaji vijana wa Korea. Hakuwa na kiuno cha kukatikia jukwaani, wala mashabiki wa kumlilia uwanja wa ndege, wala mke, maana alikwisha kumzika. Na tangu alipogoma kwenda kwenye harusi ya binti yake Seon-ok, miaka minne nyuma, hakuwa na hata mtu wa kumwuliza kama ameamka salama.

Alikuwa na kalamu tu. Enzi zake alitunga nyimbo za kuwaliza madereva wa malori. Basi kampuni moja ya muziki ya Seoul ilipowatumia watunzi thelathini tuni ile ile, imeimbwa kwa maneno yasiyo na maana ili kila mmoja ajaze yake, mzee alijaza mistari kumi na sita ya kumtaka binti radhi. Kumpigia simu hakuweza. Shingo yake ngumu. Wimbo ungefika wenyewe.

Wakamwita ofisini. Mkuu wa kitengo, Bi Ma Hye-rin, alisimama akainama.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumelia, jamani! Tumechukua mstari wako."

"Mmoja?"

"'Umekula?' Tunaurudia mara kumi na mbili."

"Na ule wa bibi harusi asiye na baba wa kumshika mkono?"

"Hapo waimbaji wanaruka, Mwalimu. Mtu anayeruka hasikilizwi. Kiitikio kiwahi kabla msikilizaji hajapiga chafya. Mkono uende mdomoni hivi, kama umeshika vijiti vya kulia, hata mtoto wa chekechea aige. Na yule kijana wetu mrefu kundini, mzuri, asiyejua kuimba, lazima apate neno moja. Tumempa hilo."

"Hata mbwa wangu angetunga huo."

"Mlete tumsajili!"

Wimbo ukavuma. Wanafunzi waliucheza kwenye treni. Muuza kimchi, ile kabichi ya achari, alimwimbia huku akimpimia. Nchi nzima ilimwuliza mzee kama amekula, naye alirudi nyumbani akala tambi peke yake, humo humo sufuriani.

Siku ya Wazazi, majirani wakiwa na maua mekundu waliyobandikwa vifuani na watoto wao, simu ililia. Akaidaka upesi. Kumbe dada yake mdogo, Mal-sun.

"Kaka, jana nilikuwa kwa Seon-ok. Huo wimbo wanaupenda! Mtoto anaucheza mpaka anaanguka."

"Anajua ni wangu?"

"Wako? Si wa yule kijana mrefu?"

Mzee akauliza, taratibu, "Mtoto gani?"

"Kaka, ana miaka miwili sasa."

Usiku huo hakula. Asubuhi alichukua karatasi, akaanza kwa vina, akachana. Akaanza tena bila vina: *Nilikosea. Ilikuwa siku yako, mimi nikaitazama heshima yangu. Naomba kumwona mtoto.* Akaandika jina lake kamili, kubwa, asije akadhaniwa mtu mwingine.

Posta, karani alimwuliza, "Ya kawaida au ya rejista, babu?"

"Ya rejista. Lazima aipokee kwa mkono wake."

Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba, akaisukuma chini ya kioo.