Jiko Linahitaji Oshwa

Nimesimamia jiko la chini ya kanisa letu, hapa Pittsburgh, kwa Kwaresima thelathini na moja. Kila Ijumaa watu hupanga foleni hadi barabarani wakisubiri samaki wa kukaanga na pierogi zetu, vile vipande vya unga tunavyojaza viazi na jibini, tukavichemsha na kuvimwagia siagi yenye vitunguu. Mume wangu alikufa, kiwanda kikafungwa, watoto wakahamia kusini. Jiko lilibaki. Mtu akiniambia kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea tu, namwangalia kwanza nione kama ana akili timamu.

Jumatano moja Padri Mihalik aliniita pembeni akanipa barua isiyo na jina. Inanihusu, alisema, niisome halafu tuzungumze Jumapili. Kuisoma ndiyo ilikuwa shida. Macho yangu yamekwisha. Katikati ya kila kitu naona ukungu, na pembeni ndiko nabahatisha. Hilo alilijua mtu mmoja tu, Verna Hudak, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na ndiye aliyeapa kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Nikampelekea barua jikoni, alikokuwa akimenya viazi na wenzetu.

"Nisomee, shoga, miwani nimeisahau," nilisema kwa sauti, wenzetu wasikie.

Verna akasoma. Eti jiko chafu. Eti msimamizi amechoka, awapishe wengine.

"Huyu si wa kwetu," Verna alisema akiikunja barua. "Umesikia lugha ilivyopigwa pasi? Hakuna hata 'yinz' moja. Ni yule binti wa California, nakwambia."

Yule binti anaitwa Joslyn. Alinunua nyumba ya marehemu Stofko mwezi wa kwanza, akaja kutusaidia akiwa na glavu zake na kipimajoto mfukoni. Nilikuwa sijampenda tangu siku hiyo, kwa hiyo sikuhitaji ushahidi mwingine. Siku mbili nzima nilipanga maneno ya kumwambia.

Ijumaa asubuhi, wanawake kumi na wanne wakiwa na mikono kwenye unga, nikamfuata.

"We binti, kama jiko letu linakutia kinyaa, mlango ule pale. Hapa hatuandikiani barua. Tunaambiana usoni."

"Barua gani, mama?"

"Usinifanye mtoto."

"Basi nionyeshe."

Nikaitoa, nikaipiga mezani. Joslyn akajifuta mikono, akaisoma kimya, kisha akakunja uso.

"Mama Dolly, mimi siwezi kuandika hivi. Ona: 'Jiko linahitaji oshwa.' 'Masufuria yanahitaji suguliwa.' 'Sakafu inahitaji pigwa deki.'"

"Sasa?"

"Linahitaji *kuoshwa*. Yanahitaji *kusuguliwa*."

"Kwani 'linahitaji oshwa' lina kosa gani?"

"Ehe, lina kosa gani?" wakaitikia wenzangu.

"Hakuna mtu anayesema hivyo," Joslyn alisema. "Sijawahi kulisikia popote mpaka nilipohamia huku. Nyie wote hapa mnasema."

'Yinz', ile 'ninyi' ya hapa Pittsburgh, tunaijua kuwa ni yetu. Tukiongea na wakubwa tunaificha na kusema 'ninyi nyote' kama watu wa televisheni. Lakini hili la oshwa nilikuwa na miaka sabini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia. Aliyeandika barua ile alijikagua, akang'oa kila neno la kwetu ili lawama imwangukie mgeni. Hili aliliacha kwa sababu hakujua kwamba nalo ni la kwetu. Mwandishi alikuwa mmoja wetu, amesimama humo humo na unga mikononi.

"Na hapa mwisho," Joslyn aliendelea, "'Macho yake yanahitaji pimwa tena. Daktari alishamkataza kukaribia mafuta ya moto.' Mama, hili mimi ningelijulia wapi?"

Sentensi hiyo sikusomewa. Nilikaa pale Jumatano nimetega sikio, naye Verna akaifikia, akairuka, akakunja karatasi. Nikashika ukingo wa meza.

"Verna."

Uso wake sikuuona. Niliona aproni ya bluu, na mikono iliyoacha kukanda.

"Mwezi uliopita ulitia vidole kwenye mafuta mara mbili, Dolly," alisema polepole. "Mara mbili. Ningekuambia uache, ungenisikia?"

"Hukuniambia."

"Nakuogopa tangu tuna miaka sita."

"Na huyu binti? Uliniangalia ukaniambia ni yeye."

"Nilijua lazima utamchukia mtu," Verna alisema. "Sikutaka niwe mimi."

Kama angekana, ningepigana naye hadi jioni na pengine tungeishia kucheka. Lakini hakukana. Nilifungua aproni, nikaiweka mezani, nikapapasa kutafuta koti langu.

"Ngoja nikurudishe nyumbani," Verna alisema, na nikasikia funguo za gari. "Ngazi zina barafu, utaanguka."

"Joslyn," nikasema, "nimekukosea mbele za watu, na mbele zao nakuomba radhi. Naomba unishike mkono mpaka kwangu."

Alivua glavu akanishika. Tulikuwa tumefika mlangoni niliposikia Verna akiwaambia wenzangu kwamba maji yamechemka, watumbukize pierogi.