Chai ya Mheshimiwa

Siku ya kura za maoni za chama niliamka mapema nikapika chapati ishirini. Mie Tupokigwe, balozi wa nyumba kumi hapa Kiwalani mwaka wa kumi na nane huu, wageni wangu nawajua. Theonest, diwani wetu, hajawahi kupitishwa kugombea bila kukaa kwenye kochi langu. Anavua viatu mlangoni, "shikamoo mama yangu," ananiachia kanga. Ninazo zake sita.

Ni kweli utaratibu ulikuwa umebadilika. Zamani mgombea wa chama chetu tulimpitisha sie wajumbe wa kata, watu hamsini na kitu tu. Safari hii kila mwenye kadi anapiga kura. Walipotutangazia nilipiga hata makofi. Lakini moyoni nikasema, watu wangu watakuja kuniuliza mie wamchague nani. Basi nikakaa kumsubiri Theonest.

Saa nne, kimya. Saa tano, chapati zimepoa, chai nimeipasha mara mbili. Hasira zikanipanda. Ananidharau mie? Nikajitanda kanga yake mwenyewe nikamfuata uwanja wa shule.

Nilimkuta kwenye foleni ya wapiga kura, anamwamkua Zuena, muuza mihogo! Zuena amepanga chumba kule bondeni, ndani ya nyumba zangu kumi. Kila masika maji yanamwingilia mpaka kitandani. Mwaka huu alitoka na godoro kichwani, mie nikampa pole.

"Mheshimiwa," Zuena alikuwa anamwambia, "mtaro wetu vipi?"

"Dada yangu, ndiyo kwanza nausikia leo. Miaka kumi nanywa chai kwa balozi, hajanitajia. Muulize, huyo anakuja."

Watu wote wakanigeukia. Jamani, aibu niliyoipata! Theonest nilimuulizaga habari za watoto, za safari, za mama yake Bukoba. Mtaro, hata siku moja.

"Kwani mama," Zuena akaniuliza taratibu, "akija mnaongeaga nini?"

"Namkaribisha chai," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Zuena akarudi nyuma hatua moja. "Pita hapa mbele yangu mama, jua kali." Nilikataa, nikaenda kusimama mwisho kabisa, na huko nikapiga kura yangu moja kama wengine.

Saa kumi na moja matokeo yakabandikwa: Theonest kaanguka. Nilibeba chapati zangu zote kwenye beseni nikampelekea Zuena kwake. Akachukua mbili.

"Hizi nyingine wapelekee wenzangu huku bondeni," akasema. "Na ukifika, waulize shida zao."

Nikashuka na beseni langu mpaka mlango wa pili kutoka kwake, bado ndani ya nyumba zangu kumi. Nikapiga hodi. Sauti ya mwanamke ikaitika ndani, "Nani?"

Nikataka kumwita kwa jina lake, nikagundua silijui.