Bunda Lililofunguliwa Kangeta

Muriithi aliingia Kangeta akiwa na sanduku la barafu mkono wa kushoto, bunda la miraa mkono wa kulia, na kichwani majivuno ya kutosha Kanja nzima, kule Embu alikozaliwa. Leo Mzee Mwongera angetoa damu, apende asipende.

Tayari mzee alikuwa amemfukuza mara mbili, na bila yeye kazi ilikwama. Kituo chao, ambacho watafiti wa Meru na Embu walikiendesha pamoja, kilichunguza jinsi maisha yanavyowasha na kuzima jeni hadi saratani ipate mlango. Mwongera alikuwa na pacha wa kufanana naye kama shilingi kwa ya pili: Mutwiri, aliyehamia Gachoka, Embu, ujanani na sasa alikuwa akitibiwa saratani ya koo. Mutwiri alikwisha kutoa damu. Lakini damu ya pacha mmoja ni kama kiatu kimoja, huendi nacho popote.

"Leo ukikosa, tunawaondoa hao mapacha kwenye utafiti," Daktari Kendi, mkuu wake, alikuwa amemwonya. "Na kwa mzee wa Igembe, huko Kangeta, usiende mikono mitupu."

Ndiyo maana alipofika sokoni alimwambia muuzaji amfungie miraa ya kumwomba mzee jambo kubwa. Mama yule alimpima kwa macho, akatabasamu, akachagua vijiti vyekundu na kuvifunga vizuri kwa majani ya mgomba. "Mungu akusaidie, mwanangu," alisema. Muriithi akashangaa. Dua yote hiyo kwa damu kidogo tu?

Mzee Mwongera alipoliona bunda, uso ulimkunjuka, habari ya damu akaisahau. Alilipokea kwa mikono miwili, akamwita mkewe na majirani wawili, akalifungua na kugawa. Wakatafuna.

"Baba yako ana ng'ombe?" mzee akauliza.

"Anao watatu."

"Watatu!" jirani mmoja akaguna. "Huyu Mwembu amekuja kutuchezea."

"Lakini ana kazi," mke wa mzee akamtetea. "Na ni mrefu."

"Kinya!" mzee akaita. "Njoo umwone mgeni wako."

Kinya, bintiye aliyekuwa mwalimu, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliyatazama yale majani, kisha Muriithi. "Wewe ni nani?"

"Natoka kituo cha utafiti. Nimekuja kuomba damu ya mzee."

Taya zote zikasimama.

"Bunda lililofungwa hivyo," Kinya akamweleza, "huletwa na mtu anayeomba mke."

Muriithi akaikumbuka dua ya muuzaji. Mzee akaruka juu. "Damu tena! Chukua miraa yako uende!"

"Miraa ipi, baba? Iko mdomoni mwako. Si wewe hutufunza kwamba aliyefungua bunda amekubali ombi?"

"Hapo amekushika," jirani akasema, akiongeza kijiti.

Mzee akatafuta mlango mwingine. "Mutwiri alijitakia. Alienda Gachoka akala muguka, hayo majani yenu ya kutafuna, kama mbuzi. Muguka ndiyo iliyowasha hizo swichi zenu za jeni!"

"Hatujui bado, mzee. Huenda ni sigara, huenda ni moshi. Nyinyi ni nyumba mbili zenye nyaya zilezile. Tunataka kuona kwako taa gani zinawaka."

"Kwangu ni giza totoro. Kwaheri."

Muriithi akafungua sanduku, akatoa sindano. Mzee, ambaye kijiji kizima kilijua alivyowahi kumfukuza ndovu shambani kwa sufuria, akawa rangi ya majivu.

"Kumbe ni sindano!" mkewe akaangua kicheko. "Na mimi nikidhani una msimamo!"

Mzee akamvuta Muriithi karibu na kumnong'oneza, "Mutwiri alilia?"

Mutwiri hakuwa amelia hata kidogo. "Alipiga mayowe," Muriithi akadanganya.

Mzee akakunja shati taratibu. "Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Choma."

Mayowe yake yalifika sokoni. Lakini damu ilijaa chupa, chupa ikaingia kwenye barafu, na Muriithi akapumua kwa mara ya kwanza tangu alipoingia boma lile.

"Kijana," mzee akamwita akiwa langoni, amekumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. "Bunda moja, ombi moja. Ukiwa na lingine, soko unalijua."

Muriithi akamtupia Kinya jicho.

"Aanze kwanza kuongeza ng'ombe," Kinya akasema, akarudi jikoni na mwiko wake.