Kikombe cha Nne

Kila alfajiri, kabla hata hajanawa uso, mke wa msoma mita alipanga vikombe vinne kando ya birika la umeme: cha mama mkwe kilichokatika mkono, cha wifi yake, cha mumewe, na cha kwake cha bati. Kila kimoja alikijaza maji ya bomba, akayamimina birikani. Ndivyo mumewe alivyoagiza. Mume alikuwa akishinda kwenye nyumba za watu akisoma mita, na alijua jinsi umeme unavyochomwa ovyo.

“Kujaza birika zima kwa vikombe vinne ni kuwachemshia majirani,” alisema, na kwa hilo hakukosea.

Mke alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Tangu saa moja asubuhi mpaka jioni mikono yake ilikuwa ndani ya maji baridi, na chai ile ndiyo kitu pekee cha moto alichokipata akiwa ameketi. Aliipenda kuliko chakula.

Jumanne moja birika lilichemka, likajizima lenyewe kama kawaida. Akammiminia mama mkwe, mvuke ukapanda. Akammiminia wifi, kisha mumewe. Kikombe cha nne kikatoka baridi, baridi ya bomba, majani ya chai yakaelea juu bila kutoa rangi.

“Yangu ya baridi,” alisema.

“Mbona yetu yanaunguza?” wifi akauliza, akipuliza chai yake.

“Umechelewa kuyamimina, mwanangu,” mama mkwe akasema. “Wewe nawe una mambo mengi.”

Kesho yake akajimiminia wa kwanza. Baridi. Keshokutwa akajipimia kwa kikombe cha mumewe, mambo yakawa yale yale. Akatia cha kwake peke yake, taa ya birika haikuwaka. Alipotaka kuyapasha maji kwa sufuria kwenye jiko la umeme, mumewe akamkumbusha kwamba jiko hula umeme kuliko birika. Alikuwa amechoka mno kubishana. Akayanywa hivyo hivyo, akaenda kazini.

Jumamosi akaja fundi. Akalifungua birika, akalipima kwa vidude vyake, akalifunga.

“Birika zima hili, halina kasoro. Linachemsha maji ya watu watatu. Kwani hapa mko wangapi?”

“Watatu,” mume akajibu. Akafikiri kidogo. “Na mke wangu.”

“Basi ndiyo hivyo,” fundi akasema, akakusanya vifaa vyake.

Mke alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Yalimuuma maneno yale, yakamuuma sana, lakini sakafu ilikuwa bado nusu.

Mwisho wa mwezi mume akasoma mita ya nyumbani mara mbili, hakuamini macho yake. Birika lilikuwa limekula umeme pungufu kwa robo. Akawaleta wenzake wa kazini waje kuona. Wakatumbukiza vidole katika kikombe cha bati mmoja baada ya mwingine, wakatikisa vichwa, wakasema haba na haba hujaza kibaba. Mmoja akamwambia mke, “Shemeji, nyumba hii ina bahati kuwa na wewe.” Akashukuru, akaenda kukiosha kikombe.

Kuanzia hapo alipima vikombe vitatu tu. Cha kwake alikikinga bombani moja kwa moja.

“Sasa ndiyo akili hiyo,” mumewe akasema.

Lakini birika likishajizima hubaki na moto kwa muda. Akagundua kwamba wengine wakinywa, yeye anaweza kulikumbatia kwa viganja mpaka vidole vikunjuke, ndipo aondoke. Hakumwambia mtu. Kwa wiki mbili alikuwa karibu mtu wa furaha.

Mumewe akamwona.

“Joto lote hilo linapotelea wapi?” aliuliza, bila hasira, kama mtu anayesoma mita. “Tungelifunika, wifi yako angepata kikombe cha pili bila kuchemsha tena.”

Akaingia chumbani, akatoka na sweta nzito ya kijivu, ile ambayo mkewe huivaa kwenda kazini. Akaikata mikono kwa mkasi, akalivisha birika. Lilikaa vizuri, ila kifungo kimoja kilimshinda kufunga.

“Hebu nisaidie,” akasema.

Mkewe akaweka chini kikombe chake cha bati, akakifunga kifungo.